Gemu yangu haikwami tena

Jamani hatimaye!! Nilikuwa naandika gemu ndogo ya kupasua mawe angani kwa lugha ya Python na Pygame (maktaba yake ya kutengenezea gemu), kila kitu na klasi yake (kiolezo cha kodi cha kitu hicho), Meli, Jiwe, Risasi, mwanzoni inaenda poa fremu (picha za skrini) 60 kwa sekunde ila ukicheza dakika mbili tatu inaanza kujikokota mpaka fremu 11. Nikajua laptopu imechoka. Jana usiku nikaiendesha na cProfile, kifaa cha Python cha kupima kodi ipi inakula muda, ndo nikaona muda karibu wote unaliwa na pygame.image.load, amri ya kufungua faili la picha, kumbe picha nilikuwa naifungua ndani ya draw (sehemu ya kuchora) ya kila risasi, yani risasi 200 ni faili kusomwa mara 200 kila fremu, na fremu moja ina milisekunde 16 na kidogo tu! Halafu risasi zikitoka nje ya skrini sikuwa nazifuta kwenye listi, zinaendelea kuruka huko hazionekani na bado zinachorwa. Sasa picha inapakiwa mara moja kwenye klasi yenyewe, nikaongeza convert_alpha (inaigeuza picha ichorwe haraka), risasi ikivuka ukingo inatolewa. Fremu 60 zimetulia hata nikijaza mawe skrini nzima. Nimefurahi sana aisee, mdogo wangu kaicheza asubuhi yote hataki kuniachia mashine