Jicho Litakurejea Limechoka

Asalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Jumatano usiku nilikuwa Vumawimbi, huku kaskazini mwa Pemba, ukishaupita msitu wa Ngezi. Nilikwenda na vijana sita wa madrasa na darubini yao moja, waliyoichangia kwa pesa za karafuu. Mwezi wa Kiislamu ulikuwa unamalizika, giza limeshika kweli, maji yamekupwa hadi mbali kwa bamvua, na kule mwambani zinaonekana taa za wavuvi tu. Vuli ilitupa nafasi ya saa mbili tatu hivi bila wingu.

Wazee wetu walikuwa na kazi na nyota. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, walisema, na wakalima kwa hesabu hiyo. Vijana hawa hawalimi wala hawavui kwa nyota. Wao wanataka kujua ulimwengu utaishaje.

Walinionesha kwanza kile kiwingu hafifu cha upande wa kaskazini, Andromeda. Abdurrahman as-Sufi alikiandika mwaka 964, akakiita kiwingu kidogo, na darubini hakuwa nayo. Leo inajulikana kuwa ni kundi la nyota kubwa kama hili letu, na nuru tuliyoiona usiku ule ilitoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita. Nilitazama, nikasema Subhanallah, nikampisha mwengine.

Hapa nina jambo la kukiri. Zamani kidogo nilisimama katika mawaidha ya Ramadhani nikaisoma aya ya 104 ya Suratul Anbiyaa, kwamba siku hiyo mbingu zitakunjwa kama zinavyokunjwa karatasi za maandishi. Nikasema kwa sauti kubwa: haya ndiyo hasa wanayosema wanasayansi, ulimwengu unaotanuka utafika pahala urudi kujikunja. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mahali, ikanifurahisha. Baada ya sala kijana mmoja wa skuli akanifuata kwa adabu: "Maalim, hilo wengi wao waliliacha tangu 1998."

Na kweli. Mwaka huo makundi mawili ya wataalamu, yaliyokuwa yakipima nyota zinazoripuka mbali sana, yalitarajia kuona kutanuka kwa ulimwengu kunapungua kasi. Wakakuta kasi inaongezeka. Watatu kati yao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kinachousukuma ulimwengu hivyo wamekiita nishati ya giza, na jina hilo, ukilitazama vizuri, ni njia ya heshima ya kusema hatukijui. Mbio hizo zikiendelea, makundi ya nyota yataachana mpaka yasionane, nyota zitazimika moja moja, na kitakachobaki ni baridi na kiza. Nikabaki na mawaidha yangu mkononi, sina pa kuyaweka.

Sasa kijana yule yule, siku hizi ana ndevu, Jumatano ananambia kwamba Machi 2025 watafiti wa DESI, mradi wa kupima kutanuka kwa ulimwengu kwa darubini kubwa iliyoko Arizona, Marekani, wametoa vipimo vyenye dalili kuwa nishati hiyo huenda inadhoofika. Halijathibiti. Lakini kama ni kweli, basi hata huko kujikunja hakuwezi kufutwa moja kwa moja. Akacheka. "Maalim, si uyarejeshe yale mawaidha?"

Nikamwambia hapana. Aya ilikuwa kweli kabla ya 1998 na ilikuwa kweli baada yake, haikungoja vipimo vya Arizona. Mimi ndiye niliyemfunga mbuzi wangu kwa kamba ya jirani, na jirani akaja kuichukua kamba yake.

Wakaendelea kubishana, mara hii juu ya kasi yenyewe ya kutanuka. Wanaopima kwa nuru kongwe ya mwanzo wa ulimwengu hupata kilomita 67 hivi kwa sekunde, kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26, yaani umbali ambao nuru huukata kwa miaka hiyo. Wanaopima kwa nyota zilizo karibu zaidi nasi hupata 73 hivi. Wamerudia mara nyingi, tofauti haiondoki. Mdogo wao akaruka: "Maalim, Tabaraka ni sura ya 67!" Nikamwambia na Muzzammil ni ya 73, kwa hiyo kaa chini.

Hata hivyo alinigusa. Tabaraka tunaisoma kila usiku kabla ya kulala, mpaka ulimi unaikimbia. Aya ya 3 na ya 4 Mola anatuambia tulirudishe jicho, je, tunaona ufa wowote? Kisha tulirudishe tena na tena, litaturejea nyonge, limechoka. Miaka yote nimeisoma kama onyo la kunyamazisha watu. Pale ufukweni niliisikia kama amri: tazama, halafu tazama tena. Na uchovu wa jicho umetajwa humo humo, haukuwa sababu ya kutotazama. Watu waliopima kwa uaminifu, hawa wakapata 67 na hawa 73, sidhani kama wamepotea njia. (Naona naitafuta tena kamba ya jirani. Nisameheni.)

Yule mwenye ndevu hakuridhika. "Lakini utaishaje, Maalim?" Nikamkumbusha A'raf, aya ya 187, kuwa elimu ya Saa iko kwa Mola peke yake. Kisha nikawasimulia habari ya mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, Kiyama ni lini. Akaulizwa yeye: umekiandalia nini? Akasema hana sala nyingi wala saumu nyingi, ila anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Akaambiwa: utakuwa pamoja na uwapendao. Anas, aliyetupokelea hadithi hii, anasema baada ya Uislamu wenyewe hawakuwahi kufurahi kwa jambo kama walivyofurahi kwa neno lile.

Tukakaa kimya. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na taa za mwambani zinarudi pwani moja moja. Mdogo wao akaomba akione tena kile kiwingu kabla hakijazama, tukamshikia darubini.