Usiku wa Julai Boma Ng'ombe

Nilikuwa natoka Sanya Juu kwenye kazi ya kufunga umeme, nikafika njia panda ya Boma Ng'ombe giza limeshaingia na Coaster za Moshi zinapita zimejaa. Nikaamua kulala. Lodge yenyewe iko kando ya lami, moja ya zile ambazo mwenye mali akimaliza ya kwanza anajenga ya pili mji unaofuata kwa ramani ileile na rangi ileile.

Dada wa mapokezi alinisogezea kitabu cha wageni. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, saini. Akasoma kazi yangu, akauliza: "Fundi, nikupe cha mbele au cha nyuma?"

Mapokezi wengi hawaulizi hilo, na ni swali la maana. Mbele ya lodge kuna matuta. Lori lililobeba mzigo linafunga breki ya injini kabla ya tuta, linapanda taratibu, kisha linaanza gia upya, na dirisha la kioo cha kusukuma halizibi mlio huo hata ukilifunga mpaka mwisho. Nyuma kuna jiko na jogoo, lakini jiko hulala. Nikachukua cha nyuma, tena cha chini.

Cha chini ni kwa sababu ya tangi. Kila mita 10 za kimo zinakupa baa moja ya msukumo wa maji, na simtanki la pale lilikaa juu ya paa la ghorofa moja tu. Anayelala ghorofani ana mita moja au mbili juu ya kichwa chake. Shawa ya umeme ina kiwambo cha mpira ndani ambacho lazima kisukumwe na maji ndipo umeme uwake. Maji yakiwa dhaifu, unaoga baridi hata kama kila kitu ni kizima.

Saa mbili usiku taa zikaanza kufifia. Mlango wa jirani ukafunguliwa, akatoka mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye msiba Machame, taulo begani.

"Binti, maji haya ni barafu," akamwambia dada wa mapokezi.

"Shikamoo baba. Pole sana," dada akajibu. "Usifungulie yote, rudisha koki mpaka nusu. Yakipungua yanashika moto."

"Marahaba. Ngoja nijaribu."

Nilikuwa na mita kwenye begi. Nikapima soketi ya chumbani: volti 182 badala ya 230. Yule dada hakuwa na kipimo chochote, na alikuwa sahihi kabisa. Shawa ya wati 5,500 ikipata volti 182 inabaki na wati kama 3,400, kwa sababu nguvu hushuka kwa kasi kuliko volti. Lita tatu kwa dakika, umeme ukiwa kamili, hupanda nyuzi 26 hivi. Kwa umeme ule zilipanda 16 tu, na maji ya tangi lililokaa nje Julai si ya kuanzia vizuri. Ukipunguza hadi lita mbili unarudi karibu nyuzi 25. Ukizidisha kubana koki, kile kiwambo kinaachia na hita inazima, ndiyo maana alisema nusu.

Mzee akaoga. Nilimsikia akikohoa kwa raha ndani ya mvuke.

Kilichonisumbua ni harufu. Kwenye korido ya vyumba vya mbele kulikuwa na ile harufu ya plastiki iliyoungua, na mimi siwezi kulala nyumba yenye harufu hiyo. Nikamwomba dada tuzime swichi kuu ya vyumba vile, nikafungua kifuniko cha swichi ya shawa moja. Waya ulikuwa wa milimita 2.5 za mraba, mwembamba kwa mzigo huo. Shawa ile inavuta ampea 24 kwa saa nzima ya wageni kuoga. Skrubu ya kiungio ilikuwa imelegea na ganda la waya limekuwa jeusi kiasi cha kidole. Waya wa ethi, wa kijani na njano, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulikatwa ukaachwa unaning'inia. Hapo ndipo mtu anashika bomba na kutetemeka. Nikaufunga ethi, nikaiacha shawa hiyo imezimwa, na dada akawahamisha wageni wa chumba hicho bila ubishi.

Asubuhi, mbele ya bakuli la mtori, nilimwandikia bosi wake: waya wa milimita 6 za mraba kwa kila shawa, breka (swichi inayojizima umeme ukizidi) ya ampea 32 kwa kila chumba, na vyumba vigawanywe kwenye feizi tatu, yaani nyaya tatu tofauti za kuleta umeme, maana shawa nne kwenye feizi moja ni ampea 96. Dada akauliza anunue wapi. Nikamwambia Moshi mjini, lakini kwanza fundi apime urefu kutoka meni swichi hadi kila bafu, kwa kuwa waya ukishakatwa dukani haurudishwi.