Nitrati Sifuri Si Lengo: Kuchuja Maji ya Tangi la Matumbawe

Anayeanza kufuga matumbawe nyumbani huambiwa kwanza anunue chujio kubwa. Ushauri huo unaanzia mwisho wa kazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubora wa maji huamuliwa kabla chumvi haijatiwa, na sehemu inayobaki hutegemea uthabiti wa vipimo kuliko ukubwa wa mashine. Tangi langu ni la lita 200 na liko Dar es Salaam, kwa hiyo haya ninayoyaandika yanawahusu hasa wanaoishi karibu na bahari na kushawishika kuamini kwamba ukaribu huo unawapunguzia kazi.

Nianze na maji matamu. Maji ya bomba huwa na klorini, na hiyo huondoka yakiachwa wazi kwa muda au yakipitishwa kwenye mkaa amilifu. Fosfati, nitrati, silika na shaba haziondoki kwa kusubiri, na shaba, hata ikiwa kidogo sana, huwaua kamba, konokono na matumbawe wakati samaki bado wanaogelea kana kwamba hakuna jambo. Maji ya kisima ni mabaya zaidi, maana mengi ya Dar es Salaam yana chumvichumvi ambayo mchanganyiko wake haufanani na ule wa bahari. Ndiyo maana kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu kununua ni mashine ya RO (osmosisi kinyume), inayosukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, ikimalizia na chembe za resini zinazokamata kilichopenya. Kipimo cha madini yaliyoyeyuka kikisoma 0, hapo ndipo chumvi ya akwariamu inapotiwa, hadi kufikia gramu 35 kwa kila kilo ya maji, yaani uzito linganifu wa takriban 1.026 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi.

Wapo wanaouliza kwa nini tusichote baharini. Inawezekana, lakini mahali na wakati ndivyo vinavyoamua. Maji ya karibu na mlango wa Mto Msimbazi hayafai hata kufikiriwa, na wakati wa masika pwani yote hupungukiwa chumvi na kujaa tope. Anayetaka maji ya bahari ayafuate mbali na mito, msimu wa kiangazi, maji yanapojaa, kisha ayapime kama angepima maji asiyoyajua. Mawe ya kuweka ndani ya tangi ni suala jingine: visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, na kubomoa mwamba ili kupamba sebule ni jambo nisilolitetea kwa hoja yoyote. Mawe makavu ya dukani hupata uhai wake taratibu, na hilo linatosha.

Uhai huo ndio chujio lenyewe. Samaki hutoa amonia, na katika maji ya bahari yenye pH ya karibu 8.2 sehemu ya amonia iliyo sumu huwa kubwa kuliko katika maji matamu ambayo pH yake ni ya chini. Bakteria walioshika juu ya mawe na mchanga huibadili kuwa nitriti, wengine huibadili nitriti kuwa nitrati, na ndani kabisa ya jiwe lenye vinyweleo, ambako oksijeni ni haba, wapo wanaoibadili nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayopotelea hewani. Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mapema miaka ya 1960 jinsi alivyofuga viumbe vya mwamba kwa kutegemea mawe hai na viputo vya hewa, na baadaye wapenzi wa akwariamu wa Berlin wakaongeza skima na taa kali. Mpaka leo matangi mengi yanafuata njia hiyo.

Skima hupuliza viputo vidogo ndani ya bomba refu, uchafu wa protini na mafuta ukajishika kwenye ngozi ya viputo, ukapanda na povu hadi kikombeni. Faida yake ni kwamba uchafu hutolewa kabla haujaoza. Soksi ya kuchujia haina faida hiyo isipooshwa mara kwa mara, kwa sababu kilichonaswa ndani yake kinaendelea kuozea katika maji yale yale. Fosfati nayo haina njia ya kugeuka gesi: kila chembe iliyoingia na chakula lazima itoke kwa povu, kwa mwani unaovunwa, kwa chembe za oksidi ya chuma au kwa kubadilisha maji, vinginevyo hujishika kwenye mawe na kurudi majini miezi kadhaa baadaye.

Kubadilisha maji kunasifiwa kupita uwezo wake. Mwenye nitrati ya miligramu 40 kwa lita akibadilisha asilimia 10 atabaki na 36. Na kama tangi linazalisha miligramu 2 kwa lita kila wiki, basi kubadilisha asilimia 10 kwa wiki kutalifikisha polepole kwenye takriban 20, na hapo litasimama. Anayetaka kushuka zaidi apunguze chakula au aongeze njia ya kutoa uchafu.

Kushuka hadi sifuri, hata hivyo, ni kosa. Ni kweli kwamba maji ya mwamba wa baharini yana nitrati na fosfati kidogo sana, lakini mwamba huo hupitiwa na vijidudu vya chakula usiku na mchana, na tangi halipati neema hiyo. Matumbawe yakikosa vyote viwili hupauka, na nafasi huchukuliwa na dinoflajeti, utelezi wa rangi ya kahawia wenye viputo ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wa kijani. Mimi huridhika na nitrati kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1.

Kipimo ninachokifuatilia kwa karibu zaidi ni ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa dKH. Matumbawe yanapojenga mifupa hutumia ualkali na kalsiamu kwa uwiano usiobadilika, takriban miligramu 7 za kalsiamu kwa lita kwa kila dKH 1. Ualkali ukiporomoka kutoka 8 hadi 6, kalsiamu itakuwa imetoka 420 hadi 406 tu, tofauti ambayo vipimo vya nyumbani huenda visiione. Kwa hiyo ualkali ndio unaotoa taarifa mapema, na kuurudisha kwa pupa ndani ya saa chache huumiza matumbawe kuliko upungufu wenyewe.

Joto la Dar es Salaam linaongeza kazi. Feni ikipuliza juu ya maji huyashusha kuelekea nyuzi 26, lakini huyafanya yavukize haraka, na chumvi haivukizi. Lita 4 zikipotea kwa siku katika lita 200, chumvi inatoka 35 hadi 35.7, hivyo kinachorudishwa kila siku ni maji matamu ya RO, kamwe si maji ya chumvi.

Umeme ukikatika, bakteria wa kwenye mawe na mchanga, pamoja na samaki, wanaendelea kutumia oksijeni wakati pampu zimesimama, na katika tangi lenye joto na samaki wengi hewa yaweza kupungua hadi kiwango cha hatari ndani ya saa chache. Pampu ya hewa inayotumia betri ni ya bei nafuu, na ningeinunua kabla ya kufikiria skima kubwa zaidi.