Redio ya Kijapani kwenye gari lako: ekspanda, kadi ya ramani na nyaya zake

Magari mengi madogo tunayoendesha Mtwara na Lindi, kuanzia IST na Passo hadi Noah na Probox, yalitengenezwa kwa ajili ya Mjapani, na redio zake vilevile. Ndiyo maana mtu akishakabidhiwa gari anakuta redio inaishia 90, kioo kimejaa maandishi asiyoyajua, na ramani inaonyesha gari likielea kwenye weupe mtupu. Wengi hapo hukimbilia kuing'oa na kuweka ya Android ya bei poa. Ushauri wangu ni kwamba usiing'oe kabla hujajua ina nini. Redio ya kiwandani, au Carrozzeria, Kenwood na Eclipse aliyoifunga mwenye gari wa kwanza, mara nyingi ina sauti safi kuliko hizo za Android za bei ya chini, na kasoro zake nyingi zina dawa ya gharama ndogo.

Masafa

FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa 76 hadi 90 MHz. Ya kwetu ni 87.5 hadi 108. Redio mpya kidogo, za baada ya Wajapani kuanza mwaka 2014 kurusha vituo vya AM kupitia FM, hufika 95. AM haina shida: huko nako wanapanda kwa hatua za kHz 9 kama sisi.

Dawa ya FM ni ekspanda, kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa yote kwa namba moja isiyobadilika, ambayo imeandikwa ubavuni: 12, 15, 18, 20 na kadhalika. Hesabu yake ni kutoa tu. Chukulia kituo kiko 98.5 na ekspanda ni ya 18; kwenye redio kitafute 80.5.

Sasa hapa ndipo watu wanaponunua kwa kubahatisha. Redio inayoishia 90 ina nafasi ya MHz 14 tu, wakati bendi yetu ina 20.5. Hakuna ekspanda moja itakayokupa vyote. Ya 12 inakupa 88 hadi 102, ya 15 inakupa 91 hadi 105, ya 18 inakupa 94 hadi 108. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chukua simu yenye FM, chomeka earphone ziwe antena, skani vituo vya mjini kwako na uviandike. Kama unavyovitaka vimelala chini ya 94, ya 18 itakukosesha. Muuzaji atakupa iliyopo kabatini, wewe ndiye wa kujua unataka namba gani.

Kama redio yako inafika 95, una bahati. Ekspanda nyingine zikikatiwa umeme hupitisha mawimbi moja kwa moja bila kuyashusha. Ukipata ya aina hiyo ya 18, weka swichi ndogo kwenye waya wake mwekundu: swichi ikizimwa unasikia 87.5 hadi 95, ikiwashwa unasikia 94 hadi 108. Bendi nzima imepatikana.

Kufunga si kazi ya nusu siku. Fremu ya plastiki ya dashibodi imeshikwa na klipu. Ivute kwa kipande cha plastiki, bisibisi itaichuna. Ndani, redio ya Toyota kwa kawaida inashikwa na bolti nne za spana namba 10. Chomoa antena nyuma ya redio, ichomeke kwenye ekspanda, kisha mkia wa ekspanda uingie kwenye redio. Waya mweusi ufunge kwenye chuma cha bodi, mwekundu kwenye waya wa ACC, yaani ule unaopata umeme ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza. Usiuweke kwenye waya wa betri wa kudumu, maana ekspanda itabaki inakula umeme usiku kucha.

Ukisikia vituo viwili vinapigana kwenye namba moja, jua kuna kituo chenye nguvu cha chini ya 90 kinachopenya moja kwa moja, na kimekutana na kilichoshushwa. Badilisha namba ya ekspanda.

FM ikiwa hafifu

Kabla ya kulaumu redio, angalia antena. Hewa yetu ya pwani ina chumvi. Kitako cha antena ya juu ya paa kwenye Vitz au Passo kinaota kutu, maji yanaingia, shaba inakuwa ya kijani. Fungua fimbo, safisha uzi wa skrubu kwa msasa laini, paka grisi kidogo, rudisha.

Magari yenye antena iliyochorwa ndani ya kioo yana busta, yaani kikuza mawimbi, na busta inahitaji umeme wa volti 12 kutoka kwenye redio. Fundi akibadilisha redio na kuuacha waya wa bluu ukining'inia, busta haiwaki, na FM inakufa ukitoka tu mjini. Kosa hili ni la mara kwa mara kuliko unavyodhani. Pima kwa mita: redio ikiwa imewashwa, waya wa busta usome kama 12.

FM husafiri karibu kama mwanga, haipendi kilima kikae katikati. Ukitoka Mtwara kupitia Mikindani na Mingoyo kwenda Masasi, vituo vitapotea na vingine vitaingia. Usihangaike kuzungusha ukiwa unaendesha. Shikilia kitufe chenye maandishi AST hadi kilie, redio itakusanya yenyewe vituo vyenye nguvu vya hapo ulipo. Ukirudi, kwenye Toyota bonyeza AST tena na vituo vyako vya zamani vinarudi.

Kadi ya ramani: msiitoe!

Redio nyingi za Toyota zenye ramani, hasa zile ambazo jina lake linaanza na NSZT au NSCP, zina kadi ya SD nyuma ya kioo. Ramani yenyewe ni ya Japani na haina faida kwako, lakini programu inayoendesha redio inaitegemea kadi hiyo. Mtu anaiona, anaona GB za bure, anaichomoa aweke nyimbo. Siku hiyo huenda redio ikaendelea kuimba. Siku betri ikichomolewa, redio inawaka na maandishi ya Kijapani yanayodai kadi, na hapo haifanyi chochote: redio hakuna, Bluetooth hakuna. Kunakili kadi ya rafiki kwenye kadi mpya kwa kawaida hakusaidii, kwa sababu redio hukagua namba ya siri iliyochomwa ndani ya kadi yenyewe kiwandani.

Unaponunua gari, kabla ya kukabidhi fedha, fungua kioo uhakikishe kadi ipo. Ikiwa haipo, hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei.

Kuna ndugu yake, nao ni mfumo wa ERC. Redio kadhaa za Toyota na Eclipse zenye ramani, betri ikitolewa tu, zinajifunga kama kinga dhidi ya wizi na kuonyesha namba ndefu pamoja na nafasi ya kuingiza kodi, yaani namba ya siri ya kuifungulia. Kodi hutengenezwa kutokana na namba hiyo, kwa hiyo ipige picha inayoonekana wazi, herufi zote zisomeke, kisha mpelekee fundi anayefungua. Usijaribu kubahatisha kodi.

Njia bora ni kutoiruhusu redio ikose umeme kabisa. Unapobadilisha betri, chukua betri nyingine ya volti 12 na nyaya za kubustia. Shika chanya ya msaada kwenye kichwa cha waya mwekundu wa gari, hasi kwenye chuma cha injini, ndipo ulegeze betri kuukuu. Kichwa cha chanya kifunike kwa kitambaa kikavu au mpira, kwani bado kina umeme na kikigusa bodi utaona cheche. Funga mpya, kisha ndipo utoe ya msaada. Redio haitajua kama kuna kilichobadilika.

Kijapani na sauti ya yule mama

Redio nyingi za soko la Japani hazina Kiingereza ndani, na atakayekuahidi kugeuza lugha kwa kila modeli anakudanganya. Jifunze alama chache tu: 設定 ni mipangilio, 登録 ni kusajili, 削除 ni kufuta, 戻る ni kurudi, はい ni ndiyo, いいえ ni hapana. Programu ya tafsiri kwenye simu yenye kamera itakusaidia kwa zilizobaki.

Ile sauti ya mama inayosema maneno marefu kila ukiwasha gari haitoki kwenye redio. Ni kiboksi cha ETC, cha kulipia barabara za Japani, kinakukumbusha kwamba hujaweka kadi. Kitafute chini ya dashibodi au kwenye droo ya abiria, chomoa plagi yake, kimya.

Saa ya redio zinazojiseti kwa setilaiti hubaki na saa za Japani, ambazo zimetangulia zetu kwa saa 6. Watu huichukulia kama ubovu. Ukiiweka kwenye mtindo wa saa 12, kunapokuwa saa moja asubuhi hapa, yenyewe inasoma 1:00. Mjapani amekuwekea saa ya Kiswahili bila kujua. Mimi ningeiacha hivyohivyo.

Televisheni isahau. Japani hutumia mfumo wa kurushia wa ISDB-T na sisi wa DVB-T2, haiongei. Diski za DVD zilizofungwa kwa kanda nazo zitakataa: Japani ni kanda ya 2, Tanzania ni ya 5.

Kuingiza muziki

Flashi iwe ya GB 16 au 32, ifomatiwe FAT32. Za 64 kwenda juu mara nyingi huja na exFAT, ambayo redio nyingi za zamani hazisomi. Nyimbo ziwe MP3. Faili la M4A ulilolibadilisha jina kuwa MP3 linabaki M4A, na redio ambayo haiijui italiruka. Taarabu folda yake, singeli folda yake, na majina yaanze na 001, 002, la sivyo utapata mpangilio wa ajabu.

Bluetooth: ingia 設定, kisha 登録, halafu itafute gari kwenye simu. Ikidai namba, jaribu 0000 au 1234. Ikikataa kusajili, kumbukumbu huenda imejaa simu za Wajapani waliopita. Redio nyingi hubeba simu tano tu, kwa hiyo futa. Na kama simu inapiga vizuri lakini muziki hauji, redio hiyo ni ya kizazi cha Bluetooth ya maongezi pekee. Hakuna seti itakayoibadilisha, tumia AUX, yaani tundu la waya wa sauti.

Ukiamua kutumia transmita ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kumbuka ile hesabu ya masafa. Transmita inarusha kati ya 87.5 na 108, redio bila ekspanda inasikia hadi 90. Mnaweza kukutana kati ya 87.5 na 90 tu. Tafuta hapo namba iliyo tupu, si ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Sauti ikiwa inapasuka, punguza kwenye redio na uongeze kwenye simu hadi karibu na mwisho. Maandishi ya 50W x 4 ni kilele cha tangazo. Redio bila amplifaya hutoa takribani W 20 kwa kila spika, na ukiikaza hadi mwisho unaunguza twita.

Kama lazima uibadilishe

Tundu la Toyota lina upana wa milimita 200, redio za kawaida zina 180 hivi. Nunua na vibati vya pembeni, usijaze kwa sponji. Nyaya za redio mpya: njano ni betri ya kudumu, nyekundu ni ACC, nyeusi ni hasi, bluu ni antena. Upande wa Toyota nyingi, bluu-njano ndiyo betri, kijivu ni ACC na kahawia ni hasi, lakini pima kwa mita kabla ya kuunga. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio inasahau vituo kila ukizima gari. Zikiunganishwa zote kwenye betri, asubuhi gari haliwaki. Unga kwa soketi ya Toyota badala ya kukata plagi. Soketi ni rahisi, na siku ukiuza gari unarudisha ya zamani.

Mlio unaopanda na kushuka na mafuta unatoka kwenye oltaneta na huingia kupitia hasi mbovu. Kwaruza rangi, funga waya mweusi kwenye chuma kitupu karibu na redio.

Waya wa hendibreki upo ili video isionekane gari likitembea. Mafundi huuunga kwenye hasi bila hata kuuliza. Mwambie asifanye hivyo. Barabara ya Lindi ina mbuzi na bodaboda za kutosha.

Kwa wenye Fuso na Scania za korosho: gari lako ni la volti 24, redio ya 12 inataka kipunguzaji cha 24 kwenda 12 chenye uwezo wa angalau ampea 10. Ule ujanja wa kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili huishusha hiyo moja huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi, na zote mbili unazinunua upya kabla ya wakati wake.