Lori likizidi uzito, programu inakufa: siku moja na kompaila mpya

Saa 1:40 asubuhi. Nimesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye simu. Jana jioni niliipandisha seva yetu ya kubildi (ya kugeuza kodi kuwa programu) kutoka mfumo endeshi wa Debian 12 kwenda Debian 13, nikaondoka zangu bila kusubiri matokeo. Sasa barua pepe ni nyekundu tupu: bildi imefeli.

Saa 2:30. Chai ya rangi, chapati mbili. Programu yenyewe inasoma uzito wa malori kutoka kwenye mizani kupitia kebo ya siriali, kisha inachapa risiti. Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C, kazi ya watu walioacha kazi hapa kabla sijaajiriwa. Skrini ni C++. Debian 12 ilikuja na kompaila (kigeuza kodi kuwa programu) ya GCC 12, hii mpya ina GCC 14, kwa hiyo leo ninagombezwa kwa matoleo mawili kwa mpigo.

Saa 3:00. Naanza na C++ kwa sababu ni nyepesi. Kompaila inadai haiijui uint32_t, aina ya namba tunayoitumia. Tangu GCC 13, mafaili ya maktaba ya C++ yamepunguza kubebana (faili moja kuingiza jingine), na sisi <cstdint> (ndiyo inayotangaza uint32_t) tulikuwa tunaipata kwa mgongo wa wengine. Tulizoea kula kwa jirani. Jirani kafunga mlango. Mstari mmoja juu ya kila faili, mafaili 19, basi.

Saa 4:30. Upande wa C, makosa 41. Kuita fanksheni ambayo haijatangazwa kuliondolewa kwenye lugha tangu C99, ila GCC iliendelea kutoa onyo tu, hadi toleo la 14 mwaka 2024 ilipolifanya kosa kamili. Nafungua Makefile yetu, faili la maelekezo ya bildi, nakuta -w, yaani maonyo yote yamezimwa. Sijui ni nani, lakini alitaka amani.

Saa 6:15. Bosi anapita. “Kaka, si kuna namna ya kuirudisha kama zamani?” Ipo, inaitwa -fpermissive, inayashusha makosa haya kuwa maonyo tu. Naiweka, bildi inapita, naenda kula wali maharage. Hauliki vizuri.

Saa 7:30. Nimeitoa ile -fpermissive. Naenda kosa moja moja: huku imesahaulika <string.h>, kule <unistd.h>. Kisha hii:

p = strptime(buf, "%d/%m/%Y %H:%M", &tm);

Hii strptime inasoma tarehe na kurudisha anwani ya pale ilipoishia kusoma, ndiyo p. Kompaila inasema haijatangazwa, na <time.h> ipo pale juu, naiona kwa macho yangu! Nusu saa imeniishia hapo. Kumbe glibc, maktaba ya C tunayotumia, haikuonyeshi strptime mpaka utangulize _XOPEN_SOURCE au _GNU_SOURCE juu ya faili. Bila hivyo, kompaila ya zamani ilijikisia kwamba inarudisha int. Int ni biti 32, anwani kwenye mashine zetu ni biti 64. Nusu ya anwani inakatwa. Enzi za kompyuta za biti 32 vyote vilikuwa saizi moja, nani angejua?

Naifuata p inakokwenda. Inasomwa pale tu ujumbe wa mizani unapokuwa na herufi za ziada baada ya saa, na mizani hii huongeza herufi uzito ukizidi kiwango.

Nikaacha kuchapa.

Kuna mteja analalamika tangu mwaka jana: “Lori kubwa likipanda, programu inajifunga.” Tulimbadilishia kebo. Tukamuuzia UPS. Mimi mwenyewe nilimwambia akague waya wa athi.

Saa 9:20. Natuma ujumbe wa bandia kwa socat, zana ya kupitisha data, wenye herufi za kuzidi uzito. Programu ya zamani inakufa hapo hapo. Mpya inachapa risiti. Narudia mara tano, kwa kutojiamini.

Saa 10:10. Nampigia yule mteja, dada wa mizani.

“Dada, habari za kazi? Lile tatizo la malori makubwa nimelipata. Lilikuwa kwenye programu yetu.”

“Kwa hiyo haikuwa umeme?”

“Haikuwa umeme.”

Kimya kidogo. “Na ile UPS mliyotuuzia?”

Nimemwambia nitamuuliza bosi.