Siku moja maishani mwangu: kuitafuta kahawa kwenye mkojo

Saa 1:30 asubuhi. Sampuli 40 za mkojo zatoka kwenye friza ya nyuzi −80 na kuyeyukia juu ya barafu. Mkojo uliogandishwa huacha mashapo, kwa hiyo kila kichupa kitikiswe vizuri kabla ya kuchota.

Saa 2:30. Maikrolita 50 za mkojo, 200 za asetonitraili (kiyeyushi) baridi. Ndani ya asetonitraili tumeshaweka trigonelini, kemikali ya kahawa tunayoitafuta, lakini ile nzito, yenye deuteri (hidrojeni nzito) 3. Chumvi za mkojo hufifisha ishara kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli; nzito na ya kawaida hufifia pamoja, na uwiano wake hubaki sahihi. Asetonitraili usiipunguze: sampuli yenye maji mengi hutanua vilele (ishara ya kila kemikali inapotoka) kwenye kolamu ya HILIC, bomba la kutenganisha linaloshika kemikali zinazopenda maji. Kolamu ya C18, inayoshika zisizopenda maji, haifai hapa, maana trigonelini hupita bila kushikwa, ikatoka pamoja na chumvi.

Saa 4:30. Foleni yaanza: sampuli tupu (zisizo na mkojo) 3, mchanganyiko wa sampuli zote mara 8 hadi mashine itulie, kisha mchanganyiko huohuo baada ya kila sampuli 10. Kwa dakika 12 kila moja, ni saa 11 hivi.

Saa 7 mchana. Nasoma data ya jana. Kilele kipo kwenye uzito wa 138.0550, na programu imeshaandika: trigonelini, yaani kahawa. Usiikubali bado. Homarini, ambayo hupatikana kwenye kamba na chaza, ina fomula ileile, C7H7NO2. Tofauti ni mahali kundi la kaboksili lilipokaa kwenye pete. Zote mbili zaweza kupoteza CO2 na kubakiza kipande cha 94.065. Hata spektrometa kali kiasi gani haitenganishi namba mbili zilizo sawa. Kwa watu wa pwani, wanaokula kamba na kunywa kahawa siku hiyohiyo, kosa hili linaharibu utafiti mzima.

Kinachoamua ni muda wa kutoka kwenye kolamu. Napitisha trigonelini safi peke yake, homarini safi peke yake, kisha naongeza trigonelini kidogo ndani ya mkojo wenyewe. Kilele kikikua bila kuota bega, na vipande vikilingana, hapo ni utambuzi wa daraja la 1 kwa viwango vya mwaka 2007 vya Metabolomics Standards Initiative, vinavyopima uhakika wa kuitambua kemikali. Bila kemikali safi ya kulinganishia, andika daraja la 2 na uache hapo.

Saa 10 jioni. Nagawanya kiasi cha trigonelini kwa kile cha kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo, maana aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi. Bado kuna uwatu: trigonelini imepata jina lake kutokana na mmea huo, na mama anayenyonyesha akinywa uji wa uwatu ataonekana mnywaji wa kahawa. Kafeini haisaidii sana, kwani hata chai inayo. Natafuta atraktiligenini glukuronidi, alama ya kahawa yenyewe. Isipokuwepo, kwenye safu ya chakula naandika «haijathibitishwa».