Wacheka kwa kuwa wajua mwisho

Saa hii ni saa sita na nusu usiku, Zuhura kashalala, na mie niko macho kwa sababu ya neno moja la Baba. La Jumanne hilo, na leo ni Ijumaa. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, Zuhura kaposwa na mahari ishapangwa, ofisini tumehamishiwa orofa ya nne na lifti ni mbovu, hayo ntaandika siku ingine nikiwa na nguvu.

Jumanne stima ikapotea baada ya isha, joto ndani halikaliki, tukatoka barazani mie na Baba na mkeka. Nikakumbuka ule mchezo wa redio nlioulodi kwa simu mwezi jana nkawaahidi ntausikiza, ule wa The War of the Worlds, watu wa Mirihi kuvamia Marekani. Mnanijua mie na mambo ya sayari hatupatani, lakini bando ilikuwa imeisha na hicho ndicho kilichokuweko. Nkaiweka spika karibu na sikio la Baba, lile la kulia, maana la kushoto mashine za Kilindini zilishalimaliza zamani. Nikawa namfasiria.

Jamani, hawa watu walikuwa mafundi. Ni Jumapili usiku, 30 Oktoba 1938, Orson Welles ana miaka 23 tu, yeye na kikundi chake wako studio ya redio ya CBS New York na wamekichukua kitabu cha H. G. Wells cha 1898 wakakihamisha kutoka Uingereza wakakiweka New Jersey, kijiji cha Grover's Mill. Kwanza wapigiwa muziki wa dansi, wa hotelini hivi, hata wachosha. Halafu muziki wakatwa, taarifa. Muziki tena. Taarifa tena. Yani kama redio yetu tu siku ya uchaguzi. Mwishowe mtangazaji yuko shambani mwenyewe anaeleza lile dude lilodondoka, watu wapiga mayowe, moto waja, anaongea anaongea, kimya. Mwigizaji wa hapo alikaa kwanza akasikiza rekodi ya mtangazaji alieshuhudia Hindenburg, ile ndege kubwa ya gesi, ikiungua mwaka mmoja nyuma, na kwa kweli pumzi ile si ya kusoma karatasi.

Baba akauliza, "Mbona kanyamaza?"

Nikamwambia ndivo ilivo Baba, kashakufa. Akasema, "Mrudishe hapo." Nikarudisha. Tukasikiza kile kimya mara mbili, mzee mzima kainama juu ya spika kama anaenusa kitu.

Mbele kidogo kuna mmoja yuko juu ya paa New York anayaangalia madude yakivuka mto Hudson, naye gesi yamchukua, kisha yabaki sauti ya mtu mwenye redio ya kuitana hewani anaita peke yake, hakuna mtu hewani? Hakuna mtu? Hapo mie mwenyewe vinyweleo vilisimama. Nusu ya pili ni profesa anatembea peke yake anahadithia, na nasema wazi ilinilaza, wangeishia pale kwenye ule wito wangekuwa wamemaliza kazi.

Sasa kosa langu. Nikacheka. Nikamwambia Baba, wajua kuna watu waliamini? Wengine walipigia polisi simu! (Magazeti nayo yalitia chumvi, wengi walijua ni mchezo, lakini hiyo sikumwambia, nlitaka kichekesho kinoge.) Baba hakucheka. Akasema:

"Wacheka kwa kuwa wajua mwisho. Sisi Jumapili yetu mwisho hatukuujua."

Na mie nkajibu nini? "Aa Baba, huo ni mchezo tu." Mchezo tu! Akachukua bakora yake akaingia ndani.

Ilinichukua mpaka niko kitandani ndio nkaelewa Jumapili ipi. 1 Agosti 1982. Redio inasema serikali ya Kenya imepinduliwa, na anaesema si mgeni, ni mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Freretown hapo ng'ambo, sauti ambayo nyumba nzima waijua, na wao watajuaje kama amesimamiwa na wanajeshi wenye bunduki? Jioni serikali ikawa ishairudisha stesheni, sawa, lakini ile asubuhi Baba ana hamri mkononi na kakake yuko Nairobi. Nyinyi wasomaji wa zamani hapa, ya huyo ami yangu mnayajua, siyarudii. Mie nayajua zaidi yenu na bado nkasema mchezo tu.

Na hakusema kwa hasira. Angekasirika ningeshalala siku tatu nyuma. Alisema vile anavyosema chumvi imezidi. "Wacheka kwa kuwa wajua mwisho." Nkiwa matatu nalisikia, nkipanda zile ngazi za orofa nne nalisikia, nikilijibu vizuri kichwani kila mara kwa jibu jipya, na majibu yote mazuri yamechelewa.

Halafu leo magharibi niko jikoni nakaanga, nasikia chumbani kwake sauti nzito, ya polepole, kama mtu yuko mbali sana:

"Hakuna mtu hewaaani?"

Nkanyamaza. Tena: "Hakuna mtu? Chai je?"

Wallahi nilicheka mpaka nkakaa chini na mwiko mkononi, na yeye huko ndani namsikia anakohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko. Nilipompelekea chai akaniuliza yule wa shambani jina lake nani, nkamwambia, akalirudia vibaya, akanywa chai. Ya Jumapili hakuyataja na mie nkaogopa kuyataja. Labda kesho ntamuuliza. Labda stima ikipotea tena.

Ila sasa huku juu ya dari nasikia tone, tone, tone, na fundi wa tangi alikuja Jumamosi akala elfu mbili akasema ameziba, na kesho alfajiri ndio zamu yetu ya maji, likijaa lile na ufa uko palepale sijui tutalala wapi.